Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mitaala: mtoto ayashike makumi kabla ya kuyataja

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu swali moja la mtihani wa madarasa ya chini: "Katika 42, tarakimu 4 iko nafasi gani?" Mtoto anajibu "makumi", anapata alama, nasi tunaamini ameelewa. Lakini aliyekariri tu kwamba kulia ni mamoja na kinachofuata ni makumi atalipata jibu hilo bila kujua makumi ni nini.

Mwekee mtoto huyohuyo vijiti 16 mezani, aandike 16. Mwoneshe ile 6, umwambie atenge vijiti vyake. Atatenga sita. Sasa mwoneshe ile 1. Wengi watachukua kijiti kimoja, na vile tisa vilivyobaki havitawasumbua hata kidogo. Jedwali la mamoja, makumi na mamia ubaoni haliwezi kuziba pengo hilo.

Kinacholiziba ni mikono. Mtoto ahesabu vijiti hadi kumi, avifunge kwa uzi, aanze fungu jingine. Tena afunge mwenyewe, asipewe mafungu yaliyokwisha kufungwa, maana ni katika kufunga ndipo anapokubali kwamba fungu moja ni kumi pia. Abakasi, ile fremu ya shanga za kuhesabia, ije baadaye: shanga ya makumi ina ukubwa uleule wa shanga ya mamoja, na asiyewahi kuiona kumi haoni tofauti.

Najua hoja ya uhaba wa vipindi. Basi tutazame 42 toa 17. Asiyeelewa anaandika 35, kwa kuwa 2 haitoshi kutoa 7, naye anageuza, 7 toa 2. Aliyewahi kufungua fungu moja anajua 42 ni makumi matatu na mamoja 12. Anatoa 7, zinabaki 5. Anatoa kumi moja, yanabaki makumi mawili. 25. Hahitaji kuimbishwa wimbo wa "kopa kwa jirani", wimbo ambao sisi walimu hutumia vipindi vingi kuurudia mwaka baada ya mwaka.

Sifuri nayo inataka subira. Ukimwambia mtoto aandike mia tatu na tano, mara nyingi ataandika 3005: 300, kisha 5, kama alivyosikia. Wababeli waliandika namba kwa nafasi, kwa msingi wa 60, karne nyingi bila alama ya sifuri. Mtoto wa miaka saba anastahili zaidi ya kipindi kimoja.

Ninaomba mambo mawili. Muhtasari uwaache watoto wakae na namba zisizozidi 99 muda mrefu zaidi kabla ya mamia. Na lile swali la mtihani libadilishwe liwe: "Chora 42 kwa mafungu na vijiti. Ichore tena ukitumia mafungu matatu tu, zilizobaki ziwe vijiti." Linahitaji karatasi na penseli, basi, na linaweza kuingia katika mtihani ujao.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa darasa la kwanza