Udhaifu wako ni upi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni mpishi wa safari za Mlima Kilimanjaro, na mwezi uliopita bosi aliniita nikae naye kwenye usaili wa wapishi wasaidizi hapa Moshi. Walikuja vijana 9.

“Tueleze kuhusu wewe.” Karibu wote walianzia kuzaliwa. Mmoja alipofika darasa la saba chai yangu ilikuwa imepoa, na bado sijajua amewahi kupikia watu wangapi wala kwa jiko gani.

Tukauliza udhaifu. “Najituma kupita kiasi,” walijibu 6. Sijui jibu hilo wanauziwa wapi!

Binti mmoja akasema, “Nikiwa na haraka wali wangu hutoka bokoboko. Siku hizi napima maji kwa kikombe.” Nikaweka kalamu chini. Nikamuuliza, je, kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, atapika maharage? Akacheka: kule maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi, maharage yatamaliza gesi bila kuiva, atayapika mapema huku chini, ama atengeneze supu na tambi. Kazi akapata.

Mshahara je? “Chochote mtakachonipa.” Vijana wangu, ulizieni kwanza wenzenu wanalipwaje, kisha mtaje kiasi. Bosi wangu si mtu mbaya, lakini “chochote” aliiandika kwenye karatasi yake vilevile, akaipigia mstari.

Mpishi wa mlimani,
Majengo, Moshi