Kabla ya kijiko cha kwanza cha uji: barua ya wazi kwa mnaouguza wazazi waliopigwa na kiharusi

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mliokaa kando ya kitanda cha mama au baba ambaye juzi alikuwa anatembea na leo upande mmoja umelala. Wengi wenu mmepewa kazi hii bila kufundishwa. Jana ulikuwa fundi, mwalimu au muuza duka, na leo unatakiwa kumgeuza, kumlisha na kumsafisha mtu mzima wa kilo 80. Pole nimeshawapa moyoni, na barua hii ni ya kazi za mikono yenu.

Kiharusi kiko cha namna mbili. Kuna cha mshipa wa ubongo kuziba kwa donge la damu au mafuta, nacho ndicho kingi, na kuna cha mshipa kupasuka na kuvuja. Kwa macho havitofautiani. Mdomo hupinda hivyo hivyo, mkono huanguka hivyo hivyo. Kinachovitenganisha ni picha ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa mashine ya eksirei ya kompyuta, na hapa familia nyingi hukwazika: picha ya saa za mwanzo inaweza kurudi safi kabisa ilhali mshipa umeziba. Daktari akisema "hakuna kitu", mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna damu iliyovuja, na hiyo ni habari kubwa, kwa sababu sasa aspirini inaweza kuanza. Mkimpa aspirini nyumbani kabla ya picha, mnabahatisha. Ikiwa mshipa ulipasuka, mmeongeza kuvuja.

Jambo ambalo nataka lishike kuliko mengine ni hili. Siku chache za mwanzo, anayekufa hufa kwa sababu ya ubongo wenyewe, eneo lililoumia likiwa kubwa na kuvimba. Baada ya hapo wauaji hubadilika: nimonia, donge la damu la mguuni linalopanda mapafuni, vidonda vya mgongo vilivyooza, mkojo wenye maambukizi, na kiharusi cha pili. Mengi ya haya yanazuilika, na yanazuiliwa na mtu aliyekaa kitandani hapo, yaani wewe.

Naanza na kumeza. Kiharusi hulegeza koo kama kinavyolegeza mkono, ila koo halionekani. Chakula kinateleza kuingia njia ya hewa, na siku ya tatu homa inapanda, pumzi inakwenda mbio, watu wanasema kichomi kimemkuta. Kichomi hicho kililetwa na kijiko. Kwa hiyo kabla ya uji, maji, dawa au chochote, muulizeni muuguzi: amepimwa kumeza? Kipimo chenyewe ni chepesi. Mgonjwa awe macho kweli, akae wima, kichwa kimeinama mbele kidogo. Anapewa kijiko kimoja cha chai cha maji safi, anatazamwa, kisha cha pili na cha tatu. Akikohoa, sauti yake ikiwa kama ina maji ndani, maji yakichuruzika pembeni ya mdomo, au pumzi ikibadilika, basi. Asile kwa mdomo mpaka apimwe tena, na atahitaji mpira wa puani. Akivuka hapo, hujaribiwa kunywa kidogo kidogo kwenye kikombe. Tena wako ambao koo limekufa ganzi kiasi kwamba maji huingia mapafuni bila hata kikohozi, kwa hiyo hata aliyefaulu, homa yake iangalieni kila siku.

Watu hushangaa wakisikia kwamba maji na chai ni hatari kuliko uji mzito. Kimiminika chepesi hukimbia kabla koo halijajifunga, lakini kizito huenda polepole. Vibaya zaidi ni vya mchanganyiko na vya kumeng'enyuka: andazi lililochovywa chai, wali mkavu, karanga, mhogo. Ndizi iliyopondwa vizuri, viazi vilivyosagwa na mchuzi mzito, hivyo hukaa pamoja mdomoni. Wekeni kijiko upande ulio mzima, nusu kijiko tu, ngojeni ameze, kisha ndiyo kingine. Mwisho wa mlo pitisheni kidole kilichofungwa kitambaa safi ndani ya shavu lililolegea, maana chakula hujificha hapo na kuteleza usiku amelala. Mswakini asubuhi na jioni hata kama hajala, kwa kuwa bakteria wa mdomo mchafu ndio wanaoshuka mapafuni na mate. Na abaki wima nusu saa baada ya kula.

Mwenye mpira wa puani, kabla ya kumlisha tazameni alama iliyowekwa pale mpira unapotokea puani. Ikiwa imesogea, msitie kitu, mwiteni muuguzi. Kichwa cha kitanda kiinuliwe, uji uchujwe kwa kitambaa ili usizibe mpira, na mwishoni usukumeni kwa maji masafi. Wengi hurudi kumeza baada ya wiki moja au mbili, kwa hiyo mpira usiwatishe kana kwamba ni hukumu.

Kugeuza. Kila baada ya saa 2, mchana na usiku, na mwandike kwenye karatasi ukutani nani aligeuza saa ngapi, kwa sababu ndugu watatu wakiachiana kwa mdomo, kila mmoja atadhani mwenzake amefanya. Msimlaze ubavu kamili juu ya mfupa wa nyonga. Mlazeni kwa kuegemea mto uliowekwa mgongoni, nusu ubavu nusu mgongo. Wekeni mto chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee hewani. Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, hivyo tumieni viganja: sehemu iliyo ya moto kuliko jirani yake, ngumu, au iliyogeuka nyeusi zaidi au ya zambarau, hicho ni kidonda kinachoanzia ndani. Angalieni chini ya kiuno, visigino, nyonga, viwiko na nyuma ya kichwa. Msiisugue sehemu hiyo kwa mafuta wala spiriti, kwani nyama iliyokosa damu huzidi kuchanika. Iondoleeni uzito, basi. Pampasi iliyolowa ibadilishwe mara moja. Na kama ana mpira wa mkojo, ulizeni kila siku kama bado anauhitaji. Unaachwa mara nyingi kwa sababu ni raha kwetu, siyo kwake.

Mkono uliolala msiuvute. Narudia, maana hili naliona kila mahali: watu wawili wanamshika mgonjwa kwapani na kumwinua. Misuli iliyokuwa inashikilia bega imelegea, kwa hiyo mfupa unatoka kwenye tundu lake, na maumivu yanayobaki yanaweza kumzuia kufanya mazoezi kwa miezi. Mwinueni kwa kumkumbatia kifuani na kiunoni, au kwa shuka iliyokunjwa chini yake. Akikaa, mkono upumzike juu ya mto, usining'inie.

Kuna shangazi atakayekuja na mafuta ya kuchua. Mpokeeni kwa heshima. Mkono uliopooza ukipakwa taratibu hauna ubaya. Lakini mguu uliovimba, wenye joto, hasa mmoja kuliko mwenzake, hauchuliwi kamwe: ndani yake pengine lipo donge, na mkono wenye nguvu unaweza kulisukuma likaenda mapafuni. Huo ni wa daktari siku hiyo hiyo.

Kuhusu mazoezi, pupa nayo huumiza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104 katika nchi 5, uliwalinganisha waliosimamishwa na kutembezwa kwa wingi ndani ya saa 24 za kwanza na waliopewa huduma ya kawaida, na wale wa pupa ndio waliopata nafuu ndogo zaidi. Siku ya kwanza mwacheni ubongo upumzike huku mkimgeuza. Baada ya hapo, vipindi vifupi vingi: dakika 10 za kukaa ukingoni mwa kitanda mara kadhaa kwa siku zinashinda saa moja ya kumchosha. Miezi 3 ya mwanzo ndiyo nafuu huja kwa kasi kubwa. Baadaye huja taratibu, lakini huja, na anayeambiwa "miezi sita imepita, hakuna tena" ameambiwa vibaya.

Ubongo wa kushoto ukiumia, maneno hupotea ilhali akili ipo. Msipige kelele, masikio hayajaumia. Ulizeni maswali ya ndiyo na hapana, subirini, onyesheni kitu chenyewe. Wenye lugha mbili wakati mwingine hurudiwa na moja kwanza. Mzee anaweza kupata Kichaga kabla ya Kiswahili, hivyo jaribuni zote. Wa kulia ukiumia, mgonjwa anaweza kusahau kwamba upande wa kushoto upo: anakula nusu ya sahani na kusema chakula kimekwisha. Siyo ukaidi. Izungusheni sahani. Na karibu mmoja kati ya watatu huingia kwenye sonona, ambayo huonekana kama uvivu wa mazoezi. Ina dawa, itajeni kliniki.

Sasa presha, kwa kuwa ndiyo mama wa yote haya. Katika siku ya kwanza ya kiharusi cha kuziba mtaona mashine inasoma 190 au 200 na daktari haishushi, mkafikiri amezembea. Pembeni ya eneo lililokufa kuna nyama ya ubongo inayoishi kwa damu ya njia za uchochoro, na damu hiyo inasukumwa na hiyo presha. Ikishushwa ghafla, nayo inakufa. Ndiyo maana, kwa asiyepewa dawa ya kuyeyusha donge, huingiliwa kwa kawaida ikivuka 220 kwa 120. Na ndiyo maana kidonge cha presha kuwekwa chini ya ulimi nyumbani, kwa nia njema kabisa, kimewaongezea wengi ulemavu.

Siku zinazofuata mambo yanageuka: presha ishushwe na ibaki chini, maisha yote. Kiasi cha mmoja kati ya kila wanne wanaopata kiharusi alishawahi kupigwa kabla. Kisa cha kawaida ni kimoja. Mzee anapima, anakuta 125 kwa 80, anasema nimepona, anaacha vidonge. Presha imeshuka kwa sababu ya vidonge. Mwekeeni vya wiki nzima kwenye kisanduku chenye vyumba 7, na kliniki nendeni vikiwa vimebaki vya siku 5, msingoje viishe. Aliyezibwa mshipa kwa kawaida atakuwa na aspirini kidogo ya kila siku na dawa ya kushusha mafuta ya damu, na kama moyo wake unapiga bila mpangilio au vali zake zimeharibika, atahitaji dawa yenye nguvu zaidi ya kuzuia damu kuganda. Ulizeni kwa maneno haya: moyo wake umepimwa kwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo? Kama mgonjwa ni kijana, ulizeni pia VVU, na kama ni mtoto, selimundu.

Haya si ya ughaibuni. Utafiti wa 2003 hadi 2006 uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na jijini Dar es Salaam ulikuta kwamba, umri ukisawazishwa, kiharusi kipya Dar kilikuwa karibu mara 3 ya Hai, na Dar ikazidi hata viwango vya nchi nyingi tajiri. Kwa hiyo nyinyi wenyewe mliokaa wodini mpimwe. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo, bila sigara wala kahawa nusu saa kabla. Pima mara mbili. Ikifika 140 kwa 90 siku tofauti, hiyo ni presha hata kama husikii chochote, na wengi hawasikii chochote. Chumvi yote ya siku, pamoja na ya kachumbari na ya kwenye kiungo cha pakiti, isizidi kijiko kimoja cha chai.

Na siku ikimtokea mwingine nyumbani: mwambieni acheke, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi. Kitu kimoja kikienda kombo, andikeni saa ya mwisho alipoonekana mzima. Siyo saa mliyomkuta. Kama alilala saa 4 usiku akiwa mzima na kuamka amepinda, hesabu huanzia saa 4 usiku. Dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu hapo, na haipo kila hospitali, kwa hiyo mmoja apige simu kuuliza wapi CT inafanya kazi wakati wengine wanatafuta gari. Kama ana kisukari, pimeni sukari njiani, maana sukari ikishuka sana huiga kiharusi. Mlazeni ubavu akiwa na usingizi. Msimchome sindano ncha za vidole kama jumbe za simu zinavyosema.

Hata kama mdomo umenyooka na mkono umerudi baada ya dakika 10, nendeni siku hiyo hiyo. Mshipa uliofunguka wenyewe unaweza kuziba tena, na siku 2 zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa zaidi.

Mzee wenu, muuguzi mstaafu