Masika na viti vya magurudumu

Assalaam aleikum jamani. Masika ndiyo haya, basi anayetoka na kiti asikate dimbwi asilolijua kina chake, hasa Darajani hapa mjini Unguja. Mfuniko wa mtaro ukiwa haupo, gurudumu dogo la mbele linazama na wewe unakwenda kifudifudi. Penye tope, anayekusukuma akugeuze akuvute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Breki inabana tairi. Tairi likirowa au likipungua upepo haishiki, usiiamini kwenye mteremko.

Siku za maji bamvua, bahari inapojaa sana, Mnazi Mmoja pitieni maji yakiwa yameshatoka. Ukirudi, futa ekseli na beringi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, tia grisi kidogo, maana chumvi inakula chuma. Mwamvuli wa nini, mikono yote ina kazi! Vaa koti fupi, lisinaswe na spoku.