Reeves hakumgundua ndege huyu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe neno moja lililoandikwa chini ya picha mliyoichapisha juma lililopita, ile ya rangi za maji inayomwonyesha fezanti wa Reeves, ndege wa China aliye wa jamii moja na kuku, kwale na tausi. Maelezo yenu yalimwita John Reeves "mgunduzi" wa ndege huyo, naye hakumgundua.

Reeves alikuwa mkaguzi wa chai wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, aliyefika Canton (leo Guangzhou), bandari ya kusini mwa China, mwaka 1812 na kurejea kwao mwaka 1831. Wafanyabiashara wa Ulaya wakati ule hawakuruhusiwa kuingia bara. Walikaa Canton msimu wa biashara, kisha wakahamia Macau, kwa hiyo milima yenye misitu anakoishi fezanti huyo haikuwa njia yao. Wachina wenyewe walimjua tangu zama, na hata leo waigizaji wa opera ya Beijing huchomeka manyoya ya mkia wake, yanayoweza kupita mita 2, kwenye kofia za majemadari. Alichofanya Reeves ni kuwalipa wachoraji wa Kichina wamchoree mamia ya picha za samaki, ndege na mimea, na mwaka 1831 akamfikisha Ulaya fezanti huyo akiwa hai. Jina ndege huyo alikwisha kupewa miaka miwili kabla, na mwanazuolojia John Edward Gray.

Mtazameni dume huyo kwa makini: kichwa cheupe kimepigwa utepe mweusi unaopita machoni, na kila unyoya wa dhahabu mgongoni umetiwa ukingo mweusi mwembamba, mmoja baada ya mwingine, kama magamba ya samaki. Kuchora hivyo kwa rangi ya maji, ambayo ikishaingia kwenye karatasi haifutiki kwa urahisi, ni kazi ya mkono uliozoea. Miongoni mwa waliomchorea Reeves, daftari zake zinawataja Akut, Akam, Akew na Asung. Hakuna ndege aliyeitwa kwa jina la yeyote kati yao. (Nasi tusiwacheke Wachina, maana swala tomi wetu amebeba jina la Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Umasaini mwaka 1883.)

Mkiichapisha tena picha hiyo, naomba muandike "aliyepewa jina la Reeves", na wachoraji nao watajwe.

Msomaji wenu,
Morogoro