Mwendo wa kilomita 80 unaokoa zaidi ya petroli

Mhariri,

Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli Kenya, ikitangaza bei ya mafuta, sisi wenye magari hapa Nakuru hulalamika. Lakini mguu wetu wenyewe una usemi. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 110, ukinzani wa hewa unakaribia kuongezeka maradufu, na ni petroli inayolipia.

Nami siku hizi naenda Kisumu kwa 80. Akiba ipo, ila sikutarajia mengine. Mama, aliyezoea kushikilia kiti mpaka Mau Summit, sasa husinzia. Watoto wanaovuka pale Salgaa nawaona mapema, na kusimama naweza: kasi ikipungua nusu, umbali wa kufunga breki hubaki robo. Breki zenyewe zinadumu. Muda ninaopoteza ni mdogo, maana malori yangenizuia milimani hata hivyo.

Sisemi tuzibe barabara. Tukae kushoto, wenye haraka wapite.

Matatu zimewekewa kikomo cha 80 kisheria. Nawasihi wamiliki wasiwadai madereva hesabu ya siku inayowalazimu kukivunja.

Dereva,
Nakuru