Ukoo wa iliki

Amani, Muheza
14 Machi

Mpendwa Mwanaidi,

Barua yako nimeipata, na huku sote wazima. Umeuliza kama iliki na tangawizi ni ndugu wa tumbo moja. Ni wa ukoo mmoja, lakini matawi mbalimbali, na iliki iko karibu zaidi na yale matungulu mekundu wanayokula watoto Uganda kuliko ilivyo karibu na tangawizi ya chai yako.

Alama ya ukoo iko kwenye ua. La iliki hutoka chini kabisa penye shina, juu ya kikonyo kinachotambaa kwenye majani makavu. Lina mdomo mweupe wenye mistari ya zambarau, ambao kwa hakika ni stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, zilizoacha kutoa chavua zikaungana. Stameni inayofanya kazi ni moja tu. Fungua ua la mmea wa manjano (bizari) au la tangawizi, utakuta mpango huohuo.

Tofauti ya matawi utaiona ukifukua udongo. Majani ya mimea hii yote hujipanga safu mbili. Kwa tangawizi na manjano, safu hizo hufuata mwelekeo wa shina linalotambaa ardhini. Kwa iliki, huukata mwelekeo huo, moja kulia na nyingine kushoto. Mwaka 2002 mtaalamu wa mimea Kress na wenzake walipopanga upya ukoo huu kwa kutumia DNA, walipata matawi makuu manne, na alama hiyo ya majani ikathibitika. Napenda sana kwamba mkulima mwenye jembe anaweza kuiona.

Mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753 aliiweka iliki kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Amomum. Mtaalamu mwingine, Maton, akaihamishia jenasi ya Elettaria mwaka 1811. Iliki nyeusi ya Nepal, ile inayokaushwa kwa moshi, imebaki Amomum. Matungulu ni Aframomum, jenasi ya Afrika, pamoja na korarima, kiungo cha Ethiopia.

Kwa hiyo, mwenzangu, dukani kwako usichanganye korarima na iliki kwenye gunia moja. Harufu zinakaribiana, ila korarima ni spishi yake yenyewe, na mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua. Ukipata mbegu zake nitumie kidogo, nijaribu kuziotesha kwenye kivuli cha msitu pamoja na iliki zetu.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Rehema