Harambee ya Kuwafunza Wauguzi Kupima Udhaifu wa Mifupa

Ndugu na marafiki,

Mama aliyejikwaa akavunjika kifundo cha mkono hufungwa plasta, hupewa dawa ya maumivu, basi. Mkono hupona. Lakini mfupa uliovunjika kwa anguko dogo kama hilo ni onyo kwamba huenda mifupa yote imedhoofika, na kinachofuata chaweza kuwa nyonga. Muuguzi ndiye wa kwanza kuweza kumuuliza, "Ulivunjikaje?" Tunachanga ili ajue kuuliza, na ajue la kufanya na jibu.

Tunataka kuwafunza wauguzi 24, wanane wanane, vituo visibaki vitupu. Watajifunza kutumia FRAX, kikokotoo cha Chuo Kikuu cha Sheffield kinachokadiria hatari ya kuvunjika mfupa ndani ya miaka 10 kwa wenye umri wa miaka 40 hadi 90, hata pasipo mashine ya DXA, ile ya eksirei inayopima msongamano wa mifupa. Swali lake linalojibiwa vibaya zaidi ni la steroidi, dawa za kutuliza uvimbe zinazoweza kudhoofisha mifupa. Mgonjwa wa baridi yabisi aliyemeza predinisoloni, mojawapo ya steroidi, miligramu 5 kila siku kwa miezi 3 atasema "situmii", kwa kuwa hajui jina hilo. Aombwe alete pakiti za dawa zake.

Muda mrefu zaidi tumeutengea upimaji wa urefu, maana hapo ndipo mengi hupotea. Aliyepungua sentimita 4 tangu ujana wake huenda pingili ya mgongo imebonyea bila yeye kujua. Lakini sentimita hizo humezwa na viatu, misuko ya nywele, kidevu kilichoinuliwa, au kipimo kilichofungwa juu ya ukingo wa sakafu. Wengine huandika tu urefu anaoutaja mgonjwa! Apimwe mara 3, ikiwezekana asubuhi, kwa kuwa mtu hupungua kidogo kadiri siku inavyosonga.

Majibu ya DXA nayo yasomwe kwa makini: alama ya T, inayolinganisha mifupa ya mgonjwa na ya kijana mwenye afya, ikiwa −2.5 au chini ni osteoporosisi, yaani ugonjwa wa udhaifu wa mifupa, ila mgongo wenye viungo vilivyochakaa huonekana imara kuliko ulivyo. Nyonga itazamwe pia.

Fedha zitalipa wakufunzi, nauli na chakula. Anayependa kutoa kifaa, tunahitaji vipimo 6 vya urefu vya kufungwa ukutani, kila kimoja na fimbo ya urefu unaojulikana ya kukikagua. Tafadhali msilete futi za cherehani, hutanuka. Mhazini atatoa stakabadhi kwa kila mchango.